Tela Lililovuka Ziwa

Nyanzobe aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki, haukunijia kwanza uso wa shangazi yangu. Lilinijia tela. Nililiona limekaa juu ya behewa la wazi pale stesheni ya Shinyanga, jeupe, lina mstari wa buluu kiunoni kama mwanamke aliyejifunga mkanda, na jogoo wa mtu ameshaparamia paa lake anawika kana kwamba ndiye aliyeligharimia. Machozi yalikuja baadaye, ndani ya basi. Wakati ule nilikuwa nimeshika simu sikioni, na Nyanzobe ananiuliza, "Dada Kabula, upo?" Nilikuwepo, ila si pale alipodhani. Nilikuwa kidato cha pili, nimesimama stesheni na sare ya shule, natazama nyumba iliyotoka Nairobi na kuvuka ziwa ili shangazi yangu asirudi kwa baba yake.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nakaa kwa shangazi Milembe, Ngokolo, nikisoma. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje, na kuta za vyumba hazikufika juu. Ukilala ulisikia panya akitembea chumba cha pili, na ukilala huku umefumba macho bila usingizi ulisikia na mengine. Niliona haya kupita kiasi. Mwalimu akiniita jina nilisimama nikawa kama nimemeza kijiti, na jirani mmoja alimwambia shangazi nipelekwe hospitali nikaangaliwe ulimi. Ulimi ulikuwa mzima. Yale nisiyoweza kuyasema niliyaandika kwenye shajara, daftari la mazoezi lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nimekaa dirishani mahali ambapo harufu ya pasi ya mkaa ilikutana na harufu ya karanga zinazokaangwa. Nikisoma mambo ya mwaka ule leo nakuta mengi ni ya chakula, nani alikula nini na alikaa wapi. Zamani niliona ni upuuzi wa kitoto. Siku hizi nadhani nilikuwa naangalia mahali penyewe.

Kwa sababu mume wa shangazi, Baba Nyanzobe, akija nyumbani alikula kama mgeni. Alikuwa mchimba visima. Mtambo wao ulizunguka nchi nzima ile, leo Mwakitolyo, mwezi ujao Geita, halafu Bukombe, na yeye aliufuata kama mchungaji anavyofuata ng'ombe wa mwenziwe. Alirudi Ngokolo mara chache, na vumbi jekundu kwenye nyusi na harufu ya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya magadi. Alipewa kiti chenye mto. Alichinjiwa kuku. Nyanzobe, ambaye alikuwa mdogo wa kuvaa gauni bila viatu, alikuwa wa kwanza kumwona akishuka kwenye gari la kazi, na kila mara alikimbilia jikoni akipiga kelele za furaha: "Mama! Mgeni kaja! Tuchinje kuku!" Mara ya kwanza niliposikia nilicheka. Kisha nikamtazama Baba Nyanzobe, mtu mrefu, mabega mapana, amesimama mlangoni kwake na mfuko wa sukari mkononi, hajui aingie au abishe hodi.

Jioni yake, juu ya ukuta usiofika darini, nikasikia.

"Mimi nimeolewa na nani, Masanja?" Shangazi hakuwa anafoka. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia. "Niambie tu. Maana mtoto anasema nimeolewa na mgeni, na mtoto hajafundishwa na mtu."

"Kazi ndiyo ilivyo, Mama Nyanzobe."

"Najua. Nimemwagiza Baba. Karanga zikishavunwa atakuja kunichukua."

"Ndoa ya kanisani haivunjwi."

"Nani kasema ivunjwe? Mimi naenda kumsaidia baba yangu kuvuna karanga. Mwanamke anaweza kuvuna karanga kwa baba yake hata miaka kumi, na padre asiseme neno."

Nikasikia panya akipita chumba cha pili. Halafu Baba Nyanzobe akasema, polepole, "Basi twende wote."

"Wapi? Nikalale kwenye hema na wanaume wenzako, au chini ya mtambo? Masanja, mimi siwezi kukaa mahali ambapo hakuna mlango wa kufunga."

Baba yake shangazi, yaani babu yangu, aliishi Ushirombo, na alikuwa mtu wa rozari na wa neno moja. Akisema atakuja, anakuja. Kwa hiyo kuanzia jioni ile kila mtu pale nyumbani alijua kinachotafutwa. Ulitafutwa mlango wa kufunga ambao unaweza kufuata mtambo, upatikane kabla karanga hazijang'olewa.

Baba Nyanzobe alikuwa ameuona mlango huo mara moja, Mwadui, nyuma ya nyumba ya mzungu mmoja wa mgodini: tela dogo lenye madirisha na mapazia, na mama wa kizungu amekaa ngazini pake akimenya viazi. Mwenyewe hakuwa akiliuza. Fundi mmoja wa huko alimpa Baba Nyanzobe ushauri ambao tuliurudia miaka mingi: "Kitu cha mbali, ukikinunua, nunua na mwenzake mdogo. Maana kitakachoharibika si kile kikubwa." Akatafuta Shinyanga mjini, watu wakamtazama tu. Akaenda Mwanza, kwa mwenye duka la matrekta, na akarudi akitusimulia huku anacheka kwa aibu. Mwenye duka alimwambia, "Tela la pamba ninalo, la mahindi ninalo. La kulala? Kwani watu wako ni pamba?" Ikasemekana Dar es Salaam yapo, kisha ikasemekana yalikuwepo. Mwishowe mtu wa meli akamwambia, mauzo ya vitu hivyo ni Nairobi.

"Basi Nairobi ndiyo karibu," alisema Baba Nyanzobe.

"Karibu na nani?" akauliza shangazi.

Aliuza ng'ombe. Hilo Ngokolo nzima ililijadili mpaka foleni ya maji ikawa inasahau kusogea. Mtu wa Shinyanga akiuza ng'ombe anaoa, anazika, au amerogwa. "Ng'ombe anazaa," walimwambia. "Tela linazaa nini?" Baba Nyanzobe alikuwa ameshaamua. Alinunua suruali mpya, akamnunulia Nyanzobe viatu, na kwa kuwa shangazi alisema hawezi kuchaguliwa nyumba asiyoiona, na kwamba hatakwenda nchi ya watu bila msichana wa kwao wa kusindikizana naye chooni, nikaombewa ruhusa shuleni, na mimi nikaenda.

Safari ile ninayo kama mtu anavyokuwa na ndoto: vipande vikubwa viko wazi kabisa, na katikati hamna kitu. Treni mpaka Mwanza. Meli mpaka Kisumu, maji yakiwa bapa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo, na sisi tumekaa sitaha ya chini juu ya mkeka wetu tukila viazi vitamu baridi na mayai ya kuchemsha, shangazi akiyamenya na kuyachovya kwenye chumvi iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Baba Nyanzobe alikaa mbali kidogo na mkeka. Hakuna aliyemfukuza. Hakuzoea tu kukaa na sisi. Nyanzobe alimtazama muda mrefu, kisha akachukua yai, akampelekea, akasema kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Karibu, mgeni." Akalipokea kwa mikono miwili. Alilila taratibu sana, na shangazi akageuka akatazama maji.

Yule muuzaji wa Nairobi alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na uwanja wake ulikuwa na matela yamepangwa kwenye nyasi kama kondoo weupe waliolala. Alitutazama tulivyoingia, shangazi na khanga zake, mimi na viatu vya shule, mtoto mgongoni, akadhani tumepotea njia. Baba Nyanzobe alipomwambia tumekuja kununua, akaita chai kwanza. Mke wake akaileta, ya tangawizi, kali, na biskuti. Halafu shangazi akaanza kuuliza, na nadhani yule bwana hakuwahi kuulizwa maswali kama yale na wateja wake waliokuwa wanakwenda kutazama simba.

"Mvua ya mawe je?"

"Mvua iko sawa, mama. Bati yake mzuri sana."

"Mchwa?"

"Mchwa hawezi kula hii, mama. Iko alumini."

"Na kuku watalala wapi?"

Akavua miwani, akaifuta, akasema kwa heshima, "Kuku... chini. Chini iko nafasi." Shangazi akainama, akatazama uvunguni, akatikisa kichwa kukubali. Ndani alipima kila kitu kwa shubiri: dirisha, kabati, urefu wa benchi, huku midomo yake ikihesabu. Kulikuwa na jiko la gesi dogo la kupendeza; akaligusa, akasema Shinyanga gesi hakuna, humu tutaweka vitunguu. Mimi niliombwa nisome maandishi ya Kiingereza yaliyobandikwa mlangoni, nikayasoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Yule bwana alimwuliza Baba Nyanzobe kama gari lake lina kichwa cha kuvutia, na Baba Nyanzobe akacheka akasema Land Rover ya kazi inavuta pampu, inavuta mabomba, itashindwa nyumba?

Kisha akatuonyesha meza. Ilikuwa katikati ya mabenchi mawili, chini ya dirisha la mbele. Akavuta komeo dogo la chuma pembeni, mguu ukakunjika, meza ikashuka kwa sauti laini kama mtu anayekaa chini baada ya kuchoka, ikalingana na mabenchi. Akatandaza magodoro juu yake. Ikawa kitanda cha watu wawili. Baba Nyanzobe alipiga kofi moja la furaha. Shangazi alitazama pembeni, akajifunga khanga upya. "Hii meza, bwana," alisema, "haina aibu." Wote tukacheka, hata yule mama wa chai aliyekuwa mlangoni.

Nyanzobe hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshapanda. Alijinyoosha na viatu vyake vipya katikati ya kitanda, mwanga wa dirisha ukimwangukia tumboni, akalala palepale kama taa iliyozimwa. Baba yake alimvua viatu, kimoja kimoja. Hakuwa anajua namna ya kufungua kile kifungo, akahangaika nacho, kisha akakaa ukingoni ameshika viatu viwili kwenye kiganja kimoja. Muuzaji akanyoosha mkono ili amwamshe aendelee kutuonyesha. Shangazi alikuwa mlangoni. Akasema, "Tusimwamshe." Tukakaa kwenye nyasi nje, tukaongezewa chai, mpaka mtoto akaamka mwenyewe. Sikumsikia shangazi akisema ndiyo mahali pengine popote. Ilikuwa hiyo.

Tela halikuweza kuja nasi. Lingepakiwa kwenye behewa la wazi, livutwe na treni mpaka Kisumu, liingie kwenye meli ile inayobeba mabehewa, livuke ziwa, lishuke Mwanza, lije Shinyanga kwa reli bila gurudumu lake kugusa barabara. Sisi tulirudi nyumbani tukangoja. Baba Nyanzobe akarudi kwenye mtambo. Na siku moja nilitoka shule nikakuta shangazi amefagia ua mpaka umekuwa kama ngozi, na kwa majivu ya jikoni amechora juu yake mstari mrefu wa pembe nne, kwa vipimo vya shubiri zake alivyovileta kichwani toka Nairobi.

"Usipite hapo," aliniambia. "Huo ni ukuta. Mlango uko huku."

Nikazunguka nikaingia mlangoni. Hivyo ndivyo tulivyoishi ndani ya tela wiki zile, kabla halijafika. Tulikaa kwenye mabenchi ya majivu tukichambua mchicha. Nyanzobe alipewa kona yake, na mimi, ambaye nilikuwa sijathubutu kuuliza, nilishikwa mabega nikasogezwa mpaka kwenye mstari mwembamba wa upande wa nyuma. "Wewe utalala hapa, likizo. Kichwa huku. Dirisha litakuwa lako." Sijui kama kuna chumba nilichowahi kupewa baada ya hapo, nimekaa nyumba nyingi sasa, kilichonifurahisha kama mstari ule wa majivu. Majirani walipita wakasimama wakacheka. "Mama Nyanzobe, hodi! Mlango uko wapi tusije tukabomoa?" Naye aliwajibu, "Karibuni, ila futeni miguu." Upepo wa alasiri ulipokuja ulipeperusha kuta zetu, na asubuhi alizichora tena. Shangazi alikuwa ameshashona mapazia kutoka kwenye khanga ya zambarau. Mafiga matatu aliyahamisha toka jikoni, akayaweka nje ya mstari, mbele ya mlango. Nilidhani ni kwa sababu ya moshi.

Huku Ushirombo karanga zilikuwa zinakomaa.

Tela lilipofika, mji mzima ulikwenda stesheni kama unavyokwenda kupokea maiti au bingwa. Baba Nyanzobe alikuja na Land Rover ya kazi, akarudi kinyumenyume mpaka penye jukwaa la mizigo, akashuka, akatazama. Mbele ya tela palikuwa na kikombe cha chuma kilichohitaji kukaa juu ya kichwa cha mviringo, kama yai. Nyuma ya Land Rover palikuwa na ndoano. Alichuchumaa pale. Nilimwona akikumbuka fundi wa Mwadui na ule ushauri wa mwenzake mdogo. Hapakuwa na kichwa cha namna ile Shinyanga yote, na aliyekuwa nacho alikuwa Nairobi, upande wa pili wa ziwa. Msimamizi wa stesheni alikuja akasema, kwa upole lakini mara mbili, kwamba behewa linatakiwa liondoke.

Ndipo wale vijana wa kijijini kwao Baba Nyanzobe, waliokuwa wamekuja kuangalia tu, wakaanza kunong'onezana. Kwetu mtu akihama, paa lake halibomolewi. Vijana wa kijiji wanaitwa na kiongozi wao, wanaingia chini ya paa zima la nyasi, wanaling'oa kwenye kuta kama kofia, na wanakwenda nalo wakiimba mpaka kwenye kuta mpya. Mwenye nyumba anawapa mbuzi na pombe. Kiongozi wao siku ile alikuwa kijana mfupi mwenye kifua kama pipa. Alilizunguka tela, akapiga teke gurudumu moja, akawageukia wenzake.

"Paa la nyasi tunalibeba kichwani, na halina hata miguu," alisema. "Hili limetuletea miguu yake. Tutamwambia nini mbuzi?"

Wakacheka wakavua mashati. Walifunga kamba, wengine wakashika ubavuni, wengine nyuma, wakalishusha toka jukwaani kama wanavyomshusha mgonjwa, na wimbo ukaanza, ule ule wa paa, mzito, unaoimbwa kwa miguu. Shangazi aliambiwa apande akae ndani kama bibi harusi. Akakataa: "Nani amewahi kupanda paa?" Akatangulia mbele na ufagio wake, akiondoa mawe. Nyanzobe peke yake ndiye aliyepanda, na uso wake ulikuwa dirishani njia nzima, umetulia, unatutazama kama tunaopita ni sisi. Nilitembea ubavuni, nimeweka kiganja kwenye bati lililokuwa bado na ubaridi wa asubuhi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikajikuta naimba mbele za watu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Kelele zilikuwa nyingi.

Babu alikuja siku chache baadaye, kabla mchomelea vyuma wa kambini hajamaliza kutengeneza kile kichwa cha mviringo. Nyanzobe ndiye aliyemwona akishuka njia na kikapu cha karanga na rozari kiganjani. "Mama! Mgeni kaja!"

"Siyo mgeni, ni baba yako, yuko hapo uvunguni," alisema shangazi bila kugeuka, akikoroga chungu.

"Siyo Baba," alisema mtoto, kwa kukereka. "Mgeni wa kweli."

Chini ya tela kelele za spana zilikoma. Baba Nyanzobe alitoka akitambaa, mafuta mpaka masikioni, akakaa chini palepale kwenye vumbi akimtazama mtoto wake. Ilibidi shangazi amkumbushe asimame ampokee mkwe.

Babu alikuwa amelisikia tela ndani ya basi, toka midomo ya watu asiowajua, na nadhani hilo lilimwuma na kumsisimua vilevile. Alitaka kuliona kabla ya maneno mengine. Baba Nyanzobe, kwa heshima na kwa fahari, akamfungulia mlango, akamkalisha kwenye benchi, mezani, chini ya mapazia ya zambarau. Mimi nikapeleka maji ya kunawa, nikapiga magoti nikamnawisha, nikaleta ugali na kuku. Shangazi alikuwa penye mafiga, ameupa mlango mgongo akimalizia mlenda, hakujua mzee amekaribishwa ndani. Babu akafanya ishara ya msalaba, akasali, akamega. Akasifu dirisha. Akasifu kabati la vitunguu. Kisha, akiwa na tonge mkononi, akatazama huku na huku akauliza, bila ubaya wowote, "Na kulala mnalala wapi?"

Baba Nyanzobe akajifuta mafuta mikononi. Mtu hamjibu mkwe wake swali kama hilo. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama sakafu. Ni Nyanzobe aliyeona kwamba watu wazima wamesahau, akaamua kuwasaidia.

"Hapo hapo unapolia, Babu!" alisema, akavuta komeo.

Meza ikashuka kwa sauti yake laini. Bakuli la kuku likateleza likanipitia magotini. Na babu yangu, katekista, mtu wa neno moja, akabaki amekaa katikati ya kitanda cha ndoa cha binti yake, tonge mkononi, sahani ya ugali imejituliza mbele yake juu ya mahali pale pale. Kwetu mzazi hakanyagi hata kizingiti cha chumba anacholala mwanawe na mwenzake. Na yeye alikuwa amesali na kula juu yake. Alisimama, akagonga kichwa, akatoka nje. Uani walikuwepo majirani.

"Milembe," alisema. "Funga mizigo yako. Hii si nyumba. Nyumba isiyojua pa kulia na pa kulala ni zizi."

Baba Nyanzobe alikuwa mlangoni pa tela, mikono yote miwili imeshika fremu, kama mtu aliye juu ya meli anayeona gati linaondoka. Shangazi aliweka mwiko chini. Alijifuta mikono kwenye khanga, akamtazama baba yake, akamtazama mumewe, na nikamwona ameelewa kilichotokea, na nikaona pia kitu kama kicheko kinampanda akikizuia.

"Baba," alisema, "kwani wewe nani alikuingiza chumbani kwangu?"

Babu akageuka kulitazama tela.

"Hicho ni chumba cha kulala. Umepita mafiga yangu haya hapa, umepita kiti nilichokuwekea, umepita sebule yote, ukaenda kukaa kitandani kwangu na chakula. Mimi nipo hapa napika, nasema huyu mzee amekwenda wapi?" Majirani wakaanza kuziba midomo na khanga. "Nyumba yangu ni hii. Jiko ni hili. Sebule ni hiyo uliyosimama. Kesho kutwa nahama nayo, nakwenda nayo Mwakitolyo, mafiga na sebule na yote."

"Na ukuta?" alisema Babu. "Ukuta uko wapi?"

"Kuta ninazo, Baba, hizo hapo za Ngokolo. Nilikuwa peke yangu ndani yake."

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka. Babu alisimama sebuleni kwa binti yake, jua likimpiga kichwani pale alipogonga. Alimtazama Nyanzobe, aliyekuwa amejificha nyuma ya miguu ya baba yake na kuishika. Alilitazama tonge ambalo bado lilikuwa mkononi, kana kwamba mtu mwingine amemshikisha. Akalila. Akatafuna, akameza, akavuta kile kiti akakaa.

"Basi leteni mboga," alisema. "Nimelila kavu."

Waliondoka wiki ile. Land Rover mbele, tela nyuma, kuku uvunguni kwenye tenga, na mimi nikahamia bwenini shule na sanduku langu la bati. Niliwafuata kila likizo, popote mtambo ulipokuwa, na nililala penye mstari wangu, kichwa huku, dirisha langu. Tulikula nje siku zote, penye mafiga, hata mawingu yakiwa mazito. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Juzi tulimzika shangazi kule Mwakitolyo, walikoishia baada ya mtambo kuchakaa. Tela bado lipo, magurudumu yamezama ardhini, mstari wa buluu umebaki mahali mahali. Jua lilikuwa kali na wageni wengi, na Nyanzobe, mwanamke mzima sasa mwenye mvi, aliniomba niingie niandae meza ili padre na wazee wale kivulini. Niliingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mto mmoja umebonyea. Nilikunja godoro, nikapapasa komeo, nikavuta. Halikwenda. Nikavuta kwa mikono miwili. Kutu ilikuwa imelishika miaka na miaka, meza na benchi vimekuwa kitu kimoja, wala meza haikuwa imenyanyuliwa tangu siku ile ya Babu hata mara moja.

Nje, Baba Nyanzobe alikuwa amekaa penye mafiga, mzee, mabega yale yameshuka, sahani mapajani haijaguswa. Alisikia chuma kikilia. Akainua kichwa, akaniona mlangoni na godoro mikononi.

"Kabula," aliniita, taratibu. "Toka humo, mwanangu. Chumbani kwa watu humo. Njoo ule huku nyumbani."

Nikalirudisha godoro, nikanyoosha shuka, nikafunga mlango. Kisha nikaenda nikakaa sebuleni.